Denzil na Chupa ya Rafu ya Chini

Mwaka umetimia, Denzil, tangu Jumatano ile ulipovaa kofia yako ya sufu, ukamfunga Tofi kamba, ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Unakuja, bibie?" Nami, bila hata kugeuka, nikakujibu, "Nikalipie mkate na jibini nilivyo navyo stoo? Nenda zako." Ukaenda. Akarudi mbwa peke yake, ndani ya gari la polisi.

Bi Prudence wa jarida la parokia ametupa mistari sita ya kumbukumbu, kama anavyowapa wafiwa wote wa kijiji chetu cha Bradleigh. Nimemwambia mistari sita haimtoshi hata mbwa wako. Binti yetu Tamsin naye amesoma haya juu ya bega langu akasema, "Mama, mengine si ya kuwaanikia watu." Nimemwambia akachemshe chai. Mjane ni mimi na kalamu ninayo mimi.

Ulikuwa fundi wa matrekta miaka arobaini na mmoja, na hakuna shamba kati ya hapa na mtoni ambalo hukulala kifudifudi ukitafuta nati iliyoanguka kwenye matope. Mkulima akipiga simu asubuhi ya mavuno, mvua inanyemelea, ulikuwa unatoka na mkate bado mdomoni. Mzee Luscombe anasema mpaka leo trekta lake linawaka kwa sababu linakuogopa. Uliazimisha zana zako kwa kila mtu na hukuwahi kumkumbusha mtu kuzirudisha. Nusu ya spana zako ziko kwa Luscombe, na najua anasoma hapa.

Ulikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa maneno. Sifa kubwa kuliko zote kinywani mwako ilikuwa "si mbaya." Tamsin alipozaliwa, ulimtazama kwa muda mrefu, ukasema, "Si mbaya," kisha ukatoka nje ukalia nyuma ya ghala ukidhani sikuoni. Siku ya harusi yetu nilikuuliza nimependezaje. Wasomaji wanajua ulivyojibu.

Ulipostaafu nilijiambia, haya, sasa nimempata. Wewe ukaenda ukanunua daftari.

"Natafuta sahani ya mkulima ya kweli," ulisema, "kabla haijapotea duniani." Yaani chakula kile kile ambacho baba yako alikifunga kwenye kitambaa akaenda nacho shambani nyuma ya plau: mkate, jibini, kitunguu cha siki, tufaha, achari, na bia ya kuteremshia. Kila Jumatano ukatoka wewe na Tofi kuzunguka baa na migahawa ya vijijini, mmoja baada ya mwingine, kama mkaguzi wa serikali.

Sheria zako nazijua kwa moyo, maana ulizisoma kwa sauti mezani. Mkate uwe na ganda la kuumiza ufizi. Jibini ikatwe nene, itoke kwa ng'ombe aliye karibu. Siagi isije imevikwa karatasi inayong'aa. Kitunguu kikutoe chozi. Zabibu marufuku, "maana mkulima gani alilima na zabibu mfukoni?" Na chakula kije juu ya sahani. Kule Marsham walikuletea juu ya kigae cha paa, tufaha likabingirika mpaka chini ya meza ya watu wengine, ukaandika: "Mbili kwa kumi. Paa lirudishwe juu." Katika mgahawa mmoja wa bustanini walikuletea jibini iliyokwaruzwa. Hukuandika alama yoyote hapo. Ulichora msalaba.

Wajukuu walicheka sana na daftari lile. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mwanamume anayetoka kutafuta mkate na jibini ana shida gani na mkate na jibini ya nyumbani kwake. Achari natengeneza mimi. Kila Agosti, matufaha yanayoanguka, plamu za kwenye ua pamoja na maganda yake, vitunguu, na siki nyeusi, sufuria inachemka mpaka macho yanawasha nyumba nzima. Naziandika chupa mwezi na mwaka kwa mkono wangu. Mpya zinakaa rafu ya chini, na hakuna anayezigusa kabla ya Krismasi, kwa sababu achari isiyokomaa ni siki tu. Zilizokomaa zinakaa rafu ya juu. Umekula achari ile miaka arobaini na minane. Nikikuuliza ikoje, unasema si mbaya.

Halafu likaja jina la Farasi Kipofu.

Baa sitini na mbili ulizipa tatu, tano, sita na nusu. Ya sitini na tatu, Farasi Kipofu ya kijiji cha Combe Sallow, ukaipa tisa. Ukarudi Jumatano iliyofuata: tisa. Na iliyofuata. Uliacha kutafuta, Denzil. Mtu aliyekuwa akizunguka wilaya nzima akawa na meza yake dirishani, na mwenye baa akawa anaitwa Verity hapa nyumbani kwangu, wakati wa chai, kama binamu yangu. "Verity anaoka mwenyewe." "Verity haweki zabibu." Nikakuuliza huyo Verity ana mume. Ukasema alikuwa naye. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mara thelathini na moja. Nimehesabu kwenye daftari. Tisa thelathini na moja kwa mwanamke mwingine.

Na kama haikutosha, ukafia kwake. Nilikuwa naning'iniza mashuka uani wakati moyo wako ulipokuwa unasimama kwenye kiti chake, mbele ya sahani yake. Yeye ndiye aliyekushika mkono. Yeye ndiye aliyekufumba macho. Macho niliyoyatazama mimi tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Watu walisema ni bahati, hakuumwa, aliondoka akiwa na raha. Sikutaka kusikia ulikuwa na raha gani.

Alikuja mazikoni. Koti jeusi, mikono mikubwa ya mtu anayekanda unga. Alinisogelea pale mlangoni mwa kanisa akasema kwa sauti ya chini, "Bi Hannaford, kuna neno alilisema mwisho. Ningependa uwe nalo."

"Limesemwa kwako," nilimjibu. "Baki nalo."

Percy kaka yako alinikanyaga kiatu. Nikamkanyaga na mimi. Tukakuzika.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda. Mwaka mzima nimelala na neno hilo nisilolijua. Nililitunga mwenyewe kila usiku, na kila nililotunga lilikuwa baya kuliko la jana yake. Nilikuwazia ukimwambia mambo ambayo mimi hukuniambia. Mtu wa "si mbaya" huenda alikuwa na maneno mengine, nikawaza, ila aliyaweka kwingine.

Krismasi tulipofungua achari nikahesabu chupa ishirini na tatu. Nilikuwa nimejaza ishirini na nne. Nikamtazama Craig, mume wa Tamsin, ambaye mnajua nyote mkono wake ulivyo mrefu kwenye stoo za watu.

"Mama, naapa sijagusa," alisema.

"Chupa haina miguu, Craig."

"Basi nikaguliwe!"

Hatukuongea vizuri naye mpaka Pasaka.

Agosti hii nimepika tena. Wakati napanga chupa mpya kwenye rafu ya chini nikaona pale pengo la mwaka jana, duara dogo lenye vumbi kuliko mengine, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nikavua aproni. Nikavaa kofia yako, kwa sababu yangu sikuiona. Nikamfunga Tofi kamba nikamwambia dereva wa basi, "Combe Sallow."

Sikuwa nimewahi kufika. Tofi ndiye aliyeniongoza. Mbwa ninayemlisha mimi, ninayemwogesha mimi, alinivuta kutoka kituoni mpaka mlangoni mwa Farasi Kipofu, akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, akalala chini yake na kupumua kama aliyefika kwao. Nilimwonea wivu hata yeye.

Verity Yeo alitoka jikoni anafuta mikono. Nilitarajia mwanamke mzuri zaidi, na hilo lilinikera kuliko kama angekuwa mzuri.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Nimemleta mbwa. Amekosa meza yake mwaka mzima."

"Karibu. Utakunywa nini?"

"Niletee alichokuwa anakula yeye."

Akaleta. Nilitafuta kosa, Denzil, nakiri mbele ya parokia nzima. Nilipindua mkate nikautazama chini. Uliumiza ufizi. Jibini nene kama kitabu cha nyimbo. Siagi kwenye kibakuli. Kitunguu kilinitoa chozi, nikashukuru kuwa na kisingizio. Mwishowe nikaonja achari yake. Ilikuwa nzuri. Tamu kupita kiasi, na plamu alikuwa amezitoa maganda, lakini nzuri.

Alikuwa amesimama juu yangu muda wote, mikono kiunoni.

"Haya, sema," aliniambia. "Sema tisa kama mumeo."

"Tisa ni nyingi. Unalalamika nini?"

"Tisa ni nyingi! Thelathini na moja mfululizo? Watu wanatoka mjini kuja kula hapa kwangu, yule mzee anakaa kwenye kona anatafuna polepole, ananiandikia tisa. Nikamuuliza, 'Mzee, hiyo moja nyingine iko wapi?' Unajua alinijibu nini? 'Iko stoo kwetu, rafu ya juu. Hutaifikia.'"

Nikaweka kisu chini.

"Stoo kwa nani?"

"Kwako, mama! Kwa nani tena? Alinichosha. Achari ya Enid hivi, achari ya Enid vile. Enid hatoi maganda, Enid hamwagi sukari kama mtu anayepaka nyumba lipu, Enid anaijua siki kama padri anavyoijua misa. Nikibadilisha kiungo, anaonja, anatikisa kichwa, anasema, 'Unakaribia, lakini Enid yuko mbele.' Nilikuchukia, nikuambie kweli. Nilikuchukia kabla sijakuona hata picha."

"Denzil alisema hayo? Denzil wa matrekta?"

"Alikuwa hanyamazi."

Hapo ningepaswa kufurahi. Mwanamke mwenye moyo mzuri angefurahi. Mimi niliungua upya. Miaka arobaini na minane nimelala kando yako nikisubiri sifa hizo, na zote ulizibeba kwa basi ukaenda kuzimwaga Combe Sallow, kwenye masikio ya mtu asiyezitaka! Yeye alizisikia mpaka akachoka. Mimi sikusikia hata moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wazee walisema, na labda ndicho ulichoogopa. Lakini ungejaribu, Denzil. Mara moja tu. Ungeona kama ningetia maji.

Nikamwambia Verity, "Siku ile alisema nini?"

Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nikaitambua hiyo. Ni kazi yangu.

"Kanisani uliniambia nibaki nalo."

"Nilisema hivyo. Sasa nipe."

Akaenda jikoni. Akarudi ameshika chupa kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu. Chupa yangu. Karatasi yangu. Mwandiko wangu: Agosti, na mwaka ule ulipotuacha. Ilikuwa imepungua vijiko viwili.

"Siku ile alikuja nayo mfukoni mwa koti," alisema Verity. "Akaipiga mezani, pa! Akasema, 'Leo tunamaliza ubishi. Onja.' Nikaonja. Bi Hannaford, ilinipanda mpaka puani. Nikamwambia, 'Mzee, hii ndiyo? Kali kama nini!' Hakuamini. Akachukua kijiko akaonja mwenyewe, uso ukamkunjamana. Akavaa miwani, akaigeuza chupa, akasoma karatasi yako. Halafu akacheka. Sijawahi kumwona mtu anacheka hivyo. Bia ikamwagika. Akasema, 'Nimechukua ya rafu ya chini! Enid ataniua.' Akaegemea kiti bado anacheka. Nilidhani anavuta pumzi."

Akaifuta meza tena.

"Basi. Ndilo neno lenyewe. Ningekuambiaje? Mjane ametoka kuzika, nimwambie mumeo alikufa akisema utamuua?"

Nitakuambia jambo la kwanza nililohisi, kwa sababu hatukuwa watu wa kudanganyana. Nilihisi aibu ya achari. Wiki tatu! Ulimpelekea mshindani wangu achari ya wiki tatu! Miaka yote ile sijawahi kumpa mtu chupa mbichi, hata mchungaji, na wewe ukaenda kunitetea mbele ya mwanamke yule kwa siki tupu. Rafu ya juu, Denzil. Ya juu. Ulikuwa unaisema mwenyewe kila Jumatano kisha ukaenda kuinama.

Ningekuua kweli.

Jambo la pili lilichelewa kidogo kufika. Nilikuwa nimeishika ile chupa, nasoma mwandiko wangu, ndipo nikalisikia tena neno lile, na nikasikia kwamba lilianza na jina langu. Mwaka mzima nimemwonea mwanamke yule wivu kwa jambo ambalo lilikuwa langu. Hukumwita yeye. Ulikuwa kwenye kiti chake, umeshika kijiko chake, na aliyekuwa kichwani mwako ni mimi, nimekasirika. Nilicheka mpaka Tofi akaanza kubweka. Kisha nikalia kwenye kitambaa cha mezani, na Verity akalia kwenye aproni yake, na wanaume waliokuwa kaunta wakageuka wote kutazama ukutani, kama ilivyo adabu ya wanaume wa huku.

Kwa hiyo, Craig, mwanangu, mbele ya parokia nzima: chupa hukuchukua. Nisamehe. Ile soseji ya Mwaka Mpya, hata hivyo, ulichukua.

Jumatano iliyofuata nilirudi Farasi Kipofu na chupa ya rafu ya juu, iliyopita Krismasi mbili. Sikumpelekea kwa upendo. Nilimpelekea ili ajue. Akaonja akiwa amesimama. Akaketi. Akaonja tena.

"Kumbe mzee hakuwa mwongo," alisema.

"Hakuwa na maneno ya kutosha kudanganya," nilimwambia.

"Nipe namna ya kupika."

"Nikifa."

Tangu hapo naenda kila Jumatano. Bradleigh wanasema Enid na Verity wamekuwa marafiki. Si kweli. Naenda kuchukua vilivyo vyangu. Namkalisha chini anieleze ulichosema kunihusu, kimoja kila wiki, na akimaliza namwambia, "Rudia."

"Nimesharudia mara tatu, mama."

"Rudia tu."

Wivu haujaisha, usidhani. Umehama tu mahali. Sasa namwonea wivu kwa zile Jumatano. Alikuona ukila mara thelathini na moja, jua la dirishani limekupiga usoni, makombo kwenye sweta, mbwa miguuni. Mimi uliniuliza karibu miaka miwili, kila wiki, mkono kwenye kitasa, "Unakuja, bibie?" Nilikuwa na jibu lile lile la mkate na jibini, nikijiona nina akili. Kumbe ulikuwa unataka nije nizisikie mwenyewe sifa zile, kwa kuwa nyumbani hukuweza kuzisema. Ningesema ndiyo mara moja tu, Denzil. Ningevaa viatu tu.

Wiki iliyopita niliagiza sahani yako, na achari juu yake ilikuwa ya kwangu. Nikafungua daftari lako baada ya mstari wako wa mwisho nikaandika: mkate mzuri, jibini nzuri, achari haina mpinzani. Nikaweka alama. Verity akachungulia.

"Tisa? Na achari ni yako mwenyewe!"

Nikamwonyesha kiti kitupu cha mbele yangu. Akakitazama, akaenda kuwahudumia watu wengine.

Tunaokukumbuka na tusiochoka kukukumbuka ni kaka yako Percy, na mguu wake umepona, binti yako Tamsin, aliyenikataza nusu ya haya, mkwe wako Craig, aliyesafishwa jina, wajukuu zako Kerensa na Jory, wanaogombania kofia yako, Mzee Luscombe, mwenye spana zako, Verity Yeo wa Farasi Kipofu, ambaye nimemruhusu aingie hapa kwa kuwa alikushika mkono wakati mimi sikuwepo, na Tofi.

Na mimi mkeo Enid, ambaye nimekuwekea chupa moja rafu ya juu na sitaifungua. Miaka arobaini na minane, mzee wangu.

Si mbaya, Denzil. Si mbaya hata kidogo.